Kumbebea Wifi Mimba

Kama asingemjua kwa mwendo wake, Gi-tae angempita mkewe pale mlangoni mwa hospitali. Wiki mbili nyuma, alipokwenda kumchukua mtoto, nywele za Ran-hee zilikuwa zinafika mgongoni. Leo zilikuwa zimekatwa usawa wa masikio, shingo iko wazi, na Gi-tae akajikuta anaitazama shingo ile kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Umekata nywele," alisema.

"Umechelewa," Ran-hee alijibu.

"Treni ya kutoka Ulsan ilisimama njiani."

"Treni zako zinasimama njiani kila siku. Kitambulisho umeleta?"

Alikitoa. Ran-hee alikipokea bila kumgusa kidole, akatangulia kuelekea kwenye lifti. Alikuwa ananukia mafuta ya ufuta, harufu ya kibanda cha wali wa kimbap alichokuwa akifanyia kazi tangu arudi kwa mama yake hapa Daegu. Miezi kumi na sita sasa. Hawakuwa wameachana, wala hawakuwa pamoja. Walikuwa wakikutana mlangoni kwa mama mkwe, wakikabidhiana binti yao Daon na begi lake dogo, kisha kila mmoja anageuka na njia yake.

Hadi ulipoingia ujumbe ule kwenye simu. Gi-tae aliusoma kwenye kiwanda cha meli, helmeti ya kuchomelea ikiwa mkononi, akausoma tena na tena mpaka mwenzake akamuuliza kama kuna msiba. *Dada yako na mimi tumekubaliana. Nitambebea mimba. Hospitali inataka damu yako na sahihi yako. Jumanne saa tatu asubuhi.*

Dada huyo, Hwa-yeong, alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Saratani ilimnyang'anya kizazi miaka miwili iliyopita. Kabla ya upasuaji, madaktari walichukua mayai yake, wakayakutanisha na mbegu za mumewe, na matatu yaliyoshika yalikuwa bado yamegandishwa katika hospitali hii hii, yanasubiri tumbo la kuyapokea. Yote hayo Gi-tae aliyajua. Asichokijua ni kwa nini tumbo hilo liwe la Ran-hee.

Kwenye lifti walikuwa wawili tu.

"Nina swali moja," alisema.

"Najua swali lako."

"Basi nijibu. Miaka miwili nilikuomba mtoto wa pili. Nilikuomba kwa upole, nikakuomba kwa hasira, siku nyingine nilikuomba nikiwa na machozi, na wewe unakumbuka. Kila nikiuliza, unakwenda kuosha vyombo. Mimi nikanyimwa. Leo dada yangu anapewa?"

Ran-hee alitazama namba za ghorofa zikipanda.

"Dada yako hakuniomba," alisema. "Nilimwambia mwenyewe."

Hilo lilimuuma zaidi ya yote. Akataka kusema neno baya, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni, lakini mlango wa lifti ukafunguka na muuguzi akaita jina la Ran-hee.

* * *

Muuguzi Ok alikuwa mama wa makamo, mnene, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Aliwakaribisha kama watu waliokuja kununua mboga sokoni kwake.

"Karibuni, kaeni. Mama Daon huku, Baba Daon pale. Wenye mayai hawajaja? Vizuri. Siku ya kwanza hatuwataki hapa. Mtu akiwa anatazamwa na macho ya wifi yake hasemi kweli."

Alimpima Ran-hee urefu na uzito, akapiga hesabu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamfunga mkono kwa mashine ya presha.

"Mia na kumi na mbili kwa sabini na nne. Presha ya msichana wa shule. Una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na minne."

"Umefaulu. Hapa kwetu ukishapita arobaini tunakushukuru na kukurudisha nyumbani, hata uwe na nguvu za farasi. Sigara?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Kidogo, siku za sikukuu."

"Ukibeba, hata hiyo ya sikukuu hakuna. Baba, na wewe sigara?"

Gi-tae alishtuka. "Mimi? Mimi sibebi mimba."

"Mwenye kulala na mbebaji naye tunamuuliza. Moshi haujui mwenye mimba ni nani. Na damu yako tutaitoa vilevile: homa ya ini, kaswende, virusi, vyote. Ulicho nacho wewe, naye anaweza kuwa nacho." Alivaa miwani, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nahitaji na tarehe. Mara ya mwisho kukutana kimwili ni lini?"

Wote wawili wakajibu kwa mpigo mmoja:

"Tarehe tisa mwezi wa tano, mwaka jana."

Muuguzi Ok aliandika bila kuinua uso, ila pembe ya mdomo wake ilicheza. Ran-hee alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na safari hii hapakuwa na nywele za kumficha. Gi-tae alimtazama. Kumbe naye anaikumbuka. Siku nzima ile mvua ilinyesha, Daon alikuwa kwa bibi yake, na wao walikula mandu za unga na nyama zilizopoa, wakiwa kitandani. Alidhani kumbukumbu hiyo ni yake peke yake.

"Watu wengi hubishana hapo," Muuguzi Ok alisema. "Tuendelee. Mtoto mmoja, mzima, wa kike. Hilo ni sharti la kwanza kabisa: mwanamke ambaye hajazaa hatumpokei."

"Kwa nini?" Gi-tae aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajalifikiria. Alikuja akiwa amejaa hasira, lakini tangu akae pale udadisi ulikuwa unaisukuma hasira pembeni.

"Kwa sababu mbili, baba. Tunataka tumbo lililokwisha kuifanya kazi hii likaiweza. Na tunataka mtu anayekijua anachokitoa. Ambaye hajawahi kuzaa ataahidi kirahisi, kisha siku ya kumkabidhi mtoto moyo unagoma. Sasa nikuulize wewe, maana mume huwa anakumbuka ambayo mama ameyasahau. Alizaa kwa njia ya kawaida au kwa kisu?"

"Kawaida." Akasita. "Nadhani."

"Unadhani?"

"Nilikuwa Kuwait. Tulikuwa tunajenga kiwanda cha mafuta."

"Uchungu ulidumu saa ngapi?"

"Sijui."

"Alitoka damu nyingi? Alishonwa?"

"Sijui."

"Mimba ilimpandisha sukari? Miguu kuvimba? Dalili zozote za kifafa cha mimba?"

Gi-tae alimgeukia mkewe. Ran-hee alikuwa anatazama mikono yake. "Sijui," akasema tena, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Ran-hee ndiye aliyejibu. Saa kumi na tisa. Nyuzi saba. Sukari haikupanda, presha haikupanda, miguu ilivimba mwezi wa mwisho mpaka akavaa viatu vya baba yake. Mtoto kilo tatu na gramu mia mbili. Gi-tae alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nchi ambayo ana pasipoti yake lakini hajawahi kufika. Saa kumi na tisa! Yeye aliletewa picha kwenye simu, akawaonyesha wenzake kambini, wakampigia makofi na kugonga masufuria.

Vipimo vikaendelea. Ran-hee aliingizwa chumba cha ndani kupigwa picha ya kizazi. Alitoka nusu saa baadaye akitembea polepole, na Muuguzi Ok akasema kizazi ni safi, hakina uvimbe wala kovu, ukuta wake ni wa kupendeza. Damu ikatolewa, chupa sita kwake na tatu kwa mumewe. Gi-tae, aliyezoea kupanda mbavu za meli kama hana woga, alifumba macho sindano ilipoingia. Ran-hee aliona, akacheka kidogo kwa puani. Kilikuwa kicheko cha kwanza alichokisikia kutoka kwake tangu mwaka jana.

"Imebaki sehemu moja," Muuguzi Ok alisema, akifungua ukurasa wa mwisho. "Hii ya moyo na akili. Hapa baba huwa namtoa nje. Baba, kuna mashine ya kahawa karibu na lifti."

Gi-tae alisimama.

"Abaki," Ran-hee alisema.

"Mama, si lazima..."

"Abaki."

Akakaa tena.

"Sawa. Baada ya kujifungua, ulipata huzuni ya muda mrefu? Kulia bila sababu, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kukosa hamu ya kumshika mtoto?"

Ran-hee alikuwa ameishika kalamu aliyopewa ya kutilia sahihi, anaizungusha vidoleni.

"Ndiyo," alisema.

Kalamu ya Muuguzi Ok ilisimama. "Kwa muda gani?"

"Miezi saba. Hadi karibu na siku aliyorudi huyu."

"Uliwahi kufikiria kumdhuru mtoto?"

"Hapana. Mtoto hapana." Akaiweka kalamu mezani. "Nilitamani nisiamke. Nilikuwa nafikiri mtoto akipata mama mwingine atakuwa na bahati. Siku moja nilimlaza vizuri, nikamfunika, nikafungua dirisha la kibaraza. Tulikuwa ghorofa ya kumi na nne. Wifi akagonga mlango. Alikuwa ameleta kabichi."

Gi-tae hakujua kwamba alikuwa amesimama mpaka kiti kilipoanguka nyuma yake.

"Ulitibiwa?" Muuguzi Ok aliuliza. Sauti yake ya sokoni ilikuwa imekwisha, sasa alizungumza polepole.

"Hapana. Nilimwapisha wifi asimwambie mtu. Akakubali, ila tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila siku. Kila siku, mama. Alikuwa anatoka kazini, anabadilisha mabasi mawili. Ananiosha nywele, ananikalisha, anamweka mtoto kifuani kwangu na kumshikilia na yeye, maana mikono yangu ilikuwa haina nguvu."

"Na picha?" Gi-tae aliuliza. "Sherehe ya Daon kutimiza siku mia. Ulinitumia picha. Ulikuwa unacheka."

Ran-hee alimwinulia macho. Yalikuwa makavu.

"Dada yako alikuwa nyuma ya kamera anafanya sura za kichekesho. Ulidhani namchekea nani?"

* * *

Daktari Bang alikuwa mwanamke kijana kuliko walivyotarajia. Alisoma faili lote mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, hakuruka hata mstari.

"Mama Daon, sitakuzungusha," alisema mwishowe. "Mwili wako ungefaulu. Umri, presha, kizazi, uzazi uliopita, kila kitu. Lakini ugonjwa ulioupata baada ya kujifungua ulikuwa mkali na haukutibiwa. Mimba nyingine inaweza kuurudisha. Na mbebaji anapita mahali pagumu kuliko mama wa kawaida: homoni zinashuka, maziwa yanajaa, na mikono haina mtoto. Siwezi kulipeleka faili hili kwenye kamati ya hospitali. Hata kamati ikikubali, mimi sitaweka yai hilo ndani yako."

"Hata nikianza kutibiwa sasa?"

"Nataka utibiwe sasa, tena sana. Lakini kwa ajili yako. Nitakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa akili, Alhamisi ana nafasi. Kuhusu wifi yako, samahani."

Ran-hee aliinamisha kichwa. Gi-tae aliyaona mabega yale membamba yakishuka.

"Ungeweza kuandika hapana," Daktari Bang alisema taratibu. "Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hilo. Kwa nini ulisema?"

"Nilikuja nikiwa nimeshaamua kuandika hapana." Ran-hee aliongea akitazama meza. "Wiki sita nimejizoeza mbele ya kioo. Halafu huyu akaulizwa kuhusu mimi, akasema hajui. Akaulizwa tena, hajui. Kila anachoulizwa, hajui. Nikachoka, daktari. Nikachoka yeye kutojua."

* * *

Nyuma ya hospitali kulikuwa na bustani ndogo ya wagonjwa, miti ya ginko imeanza kugeuka njano. Walikaa kwenye benchi moja, kati yao pengo la mtu mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?" Gi-tae aliuliza.

"Ulikuwa unapiga simu kila Ijumaa. Unasema, huku joto nyuzi hamsini, huku mchanga unaingia mpaka kwenye wali, navumilia kwa ajili yenu. Ningekuambia nini? Kwamba mimi niko kwenye ubaridi, nina mtoto mzuri, na nataka kufa?"

"Ndiyo. Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ukarudi na viatu vya Daon vya mtoto wa miaka mitatu, ukaniuliza kwa nini nimekonda. Nikasema ni kunyonyesha. Ukaamini siku hiyo hiyo, Baba Daon. Hukuuliza mara ya pili."

Jani lilianguka kwenye goti la Gi-tae, akaliacha.

"Halafu nikaanza kukuomba mtoto wa pili," alisema.

"Na mkataba wa Qatar ukiwa mezani. Ulikuwa unasema, nizae, utakwenda mwaka mmoja tu." Ran-hee alicheka bila furaha. "Nilikuwa nakwenda kuosha vyombo ili usione mikono inavyotetemeka."

"Lakini kwa dada ulikubali. Mimba ni ile ile."

"Si ile ile. Dada yako angekuwepo." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Kila asubuhi angekuwepo. Ningelia, angekuwepo. Na yeye alinipa uhai wangu mlangoni pale na kabichi mkononi. Nilitaka nimpe kitu cha ukubwa huo. Mama yangu alisema nikibeba mimba hiyo nisirudi kwake, eti tumbo si sufuria la kuazimana na majirani. Nikamwambia basi nitahama."

Simu yake iliita. Jina la Hwa-yeong likawaka. Ran-hee aliitazama ikiita, kisha akapokea na kuiweka katikati ya benchi, kwenye lile pengo, sauti ikasikika kwa wote.

"Wifi," Ran-hee alisema. "Wamenikataa."

Gari la wagonjwa likapita barabarani, king'ora chake kikapotea.

"Uliwaambia," Hwa-yeong alisema.

"Niliwaambia."

"Mbele ya mdogo wangu?"

"Yuko hapa. Anakusikia."

Wakamsikia akivuta pumzi, mara moja, mara mbili, na ya tatu ikavunjika. "Mimi nilijua," alisema huku analia. "Nilijua ukisema watakukataa. Mimi ndiye mtu pekee niliyejua, na wiki sita nimekaa kimya. Nilikuwa naomba kila siku usiseme. Mimi niliyekufungia lile dirisha, Mama Daon. Unaona mtu anaweza kuwa nini akimtaka mtoto? Nisamehe. Nisamehe, jamani."

"Wifi, usi..."

"Nimefurahi umesema. Wallahi nimefurahi. Ila leo niacheni nilie peke yangu. Kesho nitakuja." Na sauti ikabadilika, ikawa ya dada mkubwa anayekemea. "Na wewe Gi-tae, ukipanda treni leo, mimi si dada yako."

Simu ikakatika.

Ran-hee alilia hapo. Alilia kwa ajili ya wifi yake, kwa ajili ya yale mayai matatu kwenye barafu, na labda kwa ajili ya msichana wa ghorofa ya kumi na nne. Gi-tae hakumkumbatia. Alitaka, mikono yote ilikuwa inataka, lakini aliona hana haki ya kuanzia hapo. Alitoa leso akaiweka kwenye pengo lao, na Ran-hee akaichukua. Kisha Gi-tae akampigia msimamizi wake kiwandani, akasema hatafika mpaka Ijumaa. Msimamizi akauliza kuna nini. "Mke wangu anaumwa," Gi-tae alisema. "Ameumwa miaka mitano, nimejua leo."

Ran-hee aliifuta pua. "Sijakwambia uje Alhamisi."

"Najua. Naomba."

"Sirudi Ulsan."

"Sijasema urudi. Nitakaa kwa dada. Nataka tu kujua, Ran-hee." Hakuwa amemwita kwa jina lake siku nyingi, lilitoka likiwa na woga. "Siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mvua ilinyesha lini, ulivaa nini, nani aligonga. Niulize nini, nianzie wapi, sijui. Lakini nataka kujua yote."

Ran-hee alimtazama. Macho yalikuwa yamevimba, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho Gi-tae hakuwa amekiona tangu siku ile ya mvua: alikuwa anamchunguza, kama mtu anayependa kujua huyu atafanya nini sasa.

"Swali moja kwa siku," alisema mwishowe. "Nikiulizwa mengi naishiwa pumzi. Moja tu, na lazima uje mwenyewe, si kwa simu."

"Na la leo lipo?"

"Uliza."

Alifikiri. Alikuwa na maswali mia, elfu. Akachagua lililo dogo.

"Supu ya mwani ya uzazi. Mama yako alikuwa anamuuguza baba, mama yangu alikuwa mbali. Nani alikupikia?"

"Wifi alileta chungu siku ya nne."

Gi-tae alihesabu kimoyomoyo, na uso wake ukabadilika. "Siku ya nne? Na zile tatu za kwanza ulikula nini?"

Ran-hee alisimama, akakung'uta majani kwenye sketi yake. Ilikuwa karibu saa ya kumfuata Daon shuleni. Alitembea hatua chache, akageuka kuona kama anafuatwa.

"Hilo," alisema, "ni la kesho."